Umebadilisha klasta na sasa mita ya RPM inadanganya? Hivi ndivyo utaitafuta shida mpaka uipate

Nairobi siku hizi watu wanabadilisha klasta za gari sana, yaani ile sahani yote ya mita iliyo nyuma ya usukani. Kuna wale gari yao ilikuja na klasta ya chini kabisa, spidi na mafuta na basi, juu Toyota nyingi ndogo za kazi zinatoka Japan bila hata mita ya RPM, ile ya kuonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Kuna wenye wanataka zile za Optitron zinawaka vizuri usiku. Na kuna wenye ya zamani ilianza tu kuzimika zimika wakachoka nayo. Unaenda Kirinyaga Road, unachagua kwa rundo, soketi inaingia bila shida, unawasha gari, taa zote zinawaka, unalipa unaenda. Halafu umesimama kwa jam pale Pangani unaona mshale umekaa 1,100 na injini unaiskia kabisa iko chini imetulia. Ama uko Thika Road gia ya tano, gari inaenda mia, mita inakuambia 1,600 na unajua hiyo haiwezekani.

Sasa kitu wengi wanafanya, na mafundi wengine pia, ni kutoa klasta tena, kung'oa mshale na kuurudisha pale wanadhani ni sawa. Tafadhali usianze hapo. Mshale ni shida moja kati ya kama sita, na ukiusogeza kabla hujajua shida ni gani unaongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza, alafu sasa hakuna mtu atakusaidia kusoma kitu chochote kwa hiyo mita. Pima kwanza. Namba tatu tu, ukiziandika vizuri, zitakuambia shida iko wapi kabla hujafungua skrubu hata moja.

Mita inajuaje injini inazunguka mara ngapi

Hii part usiruke hata kama unaharakisha, bila hii zile hesabu za mbele hazitaingia.

Injini ya petroli ya kawaida kila silinda inapiga cheche mara moja kwa mizunguko miwili ya krankishafti. Kwa hivyo injini ya silinda 4 inapiga cheche 2 kila mzunguko, ya silinda 6 inapiga 3, ya silinda 8 inapiga 4, na zile za silinda 3 ni moja na nusu. Mita ya zamani kazi yake ni kuhesabu hizo pigo tu, iwe zinatoka kwa koili, kwa igniter (kile kisanduku kinachoendesha koili) ama kwa waya maalum ya tako (kifupi cha tachometer, yaani mita ya RPM) inayotoka kwa kompyuta ya injini. Yenyewe haijui una injini gani. Ilitengenezwa ikiambiwa "pigo 2 ni mzunguko mmoja" na itaamini hivyo hadi kufa, hata uiweke kwa gari ya silinda sita.

Dizeli hazina cheche, kwa hivyo kwa zile za zamani mita inachukua pigo kutoka kwa oltaneta, ile terminali imeandikwa W, ama kutoka kwa sensa kwa pampu ya dizeli. Ukiwa na ya oltaneta kumbuka hesabu inategemea ukubwa wa puli na poli za ndani, kwa hivyo mtu akibadilisha oltaneta mita inaweza anza kudanganya hata kama klasta haijaguswa.

Gari mpya mpya hazitumii waya ya pigo. Kompyuta ya injini inatuma namba yenyewe kupitia CAN, waya mbili zimesokotwa pamoja, na klasta inasoma hiyo namba na kupeleka mshale. Hapo mambo ya silinda ngapi hayaingii sana, ukiona makosa kwa gari ya CAN fikiria mshale, uso wa mita ama programu ya klasta.

Hatua ya kwanza: tafuta ukweli uko wapi

Huwezi sema mita inadanganya kama huna kitu cha kulinganisha. Sikio halitoshi, hata la fundi wa miaka mingi.

Rahisi kabisa ni kaskana kadogo ka OBD, yaani ka kusoma kompyuta ya gari, zile za ELM327 za bluetooth zinapatikana Luthuli Avenue kila duka la pili, unachomeka chini ya usukani, unafungua app kwa simu unaangalia RPM. Hiyo namba inatoka kwa kompyuta ya injini ambayo inasoma sensa ya krank moja kwa moja, kwa hivyo hiyo ndio shahidi wetu. Shida ni kuwa gari za zamani za soko la Japan zingine hazikubali kuongea na skana ya kawaida, utaona tu inazunguka "connecting" mpaka uchoke. Ikiwa hivyo enda kwa fundi mwenye skana kubwa inayosoma gari za Japan, ama utumie maltimita yenye kupima Hz, yaani pigo ngapi kwa sekunde.

Ya maltimita inaenda hivi. Waya nyeusi kwa ethi nzuri (chuma cha gari kinachorudi kwa negative ya betri), nyekundu unaiingiza na pini nyembamba nyuma ya soketi ya klasta mpaka iguse ile waya ya tako, usitoboe waya katikati juu ukiitoboa maji yataingia na baada ya miezi utakuwa na kutu ndani. Weka Hz. Injini ya silinda 4 ikiwa 750 inatoa Hz 25, ikiwa 3,000 inatoa Hz 100. Kupata RPM unazidisha Hz mara 30 kwa silinda 4, mara 20 kwa silinda 6, mara 15 kwa silinda 8, na mara 40 kwa silinda 3. Lakini chunga, kompyuta zingine zinatoa pigo sawa bila kujali injini ina silinda ngapi, ndio maana kama skana inakubali tumia zote mbili: skana ikuambie RPM ya kweli, maltimita ikuambie ni pigo ngapi zinafika kwa klasta. Ukigawanya utajua kila kitu.

Onyo moja hapa. Usishike maltimita ya bei rahisi kwa upande wa negative wa koili. Hapo volti inaruka hadi 300, 400 kila cheche inapopigwa, itaua maltimita na itakurusha mkono.

Hatua ya pili: zile namba tatu

Endesha gari mpaka ipate joto, ama ingojee. Injini baridi inakaa juu yenyewe na itakuchanganya. Paki mahali pa wazi, sio ndani ya gereji imefungwa juu ya moshi, weka nyutro ama P, vuta hendibreki, zima AC na taa. Mtu mwingine akae akanyage mafuta polepole na akishike hapo hapo, wewe usome.

Andika skana inasema nini na mita inasema nini kwa sehemu tatu: injini imetulia bila kukanyaga, kwa 2,000 ya skana, na kwa 3,000 ya skana. Kama unaishi plot zile za ukuta kwa ukuta fanya mchana, majirani hawatakuelewa ukishika 3,000 saa nne usiku. Shika kila moja sekunde chache mpaka mshale utulie, mita zingine zimewekewa mafuta mazito ndani ndio mshale usiruke ruke, kwa hivyo zinachelewa.

Sasa angalia tofauti inakaa aje.

Saa ikiwa mbele dakika kumi asubuhi na mbele dakika kumi jioni, hiyo ni mishale imewekwa vibaya, lakini saa iliyo mbele dakika tano asubuhi na ishirini jioni inakimbia. Mita ni hivyo hivyo.

Ukipata 700 ikawa 900, 2,000 ikawa 2,200, 3,000 ikawa 3,200, yaani unaongeza kitu ile ile kila mahali, mshale umekaa vibaya na hakuna kitu kingine. Enda kwa sehemu ya mshale chini.

Ukipata 750 inasoma 500, 1,500 inasoma 1,000 na 3,000 inasoma 2,000, hapo ukigawanya unapata thuluthi mbili kila mara. Hiyo klasta ilitoka kwa gari ya silinda 6 na wewe una 4. Ikiwa kinyume, mita inasoma moja na nusu ya ukweli, 700 inakuwa 1,050 na 2,000 inakuwa 3,000, basi klasta ni ya 4 na injini ni ya 6. Klasta ya silinda 3 kwa injini ya 4 itasoma juu kwa thuluthi moja, 750 inakuwa 1,000, na klasta ya 4 kwa injini ya 3 itasoma robo tatu.

Ukipata nusu kamili, shuku mahali signali imechukuliwa. Hii inatokea sana mtu akiwekea mita gari ambayo haikuwa nayo, fundi anatafuta waya anaipata kwa koili moja tu. Kwa zile injini za silinda 4 zenye koili mbili, kila moja ikihudumia plagi mbili, koili moja inapiga mara moja kwa mzunguko badala ya mbili, basi mita inasoma nusu. Kwa zile za koili juu ya kila plagi, koili moja ni pigo moja kwa mizunguko miwili, kwa hivyo 3,000 inakuwa 750. Ukiona mita inasoma robo hata usifungue klasta, fuata waya.

Na sasa hii ndio inachanganya watu kabisa: robo tatu inaweza kutoka mahali pawili. Kuna ile ya silinda 3 nimesema, na kuna ya uso wa mita. Watu wanapenda kubadilisha zile nyuso, wanatoa nyeusi wanaweka nyeupe, ama wanachukua uso wa klasta ya dizeli iliyo safi wanaweka kwa ya petroli. Uso wa petroli mara nyingi unaenda mpaka 8,000, wa dizeli unaishia kama 6,000. Mashine ya nyuma bado inapeleka mshale ikidhani mwisho ni 8,000, kwa hivyo kwa 4,000 ya kweli mshale uko katikati na kwa uso mpya katikati imeandikwa 3,000. Robo tatu! Kutofautisha ni rahisi, angalia mwisho wa namba na pale rangi nyekundu inaanzia. Petroli yenye nyekundu inaanza 4,500 inakuambia huo uso umetoka kwingine. Na ukitaka uhakika piga Hz, kama pigo zinazofika ni sawa na zile klasta ilitengenezewa basi shida ni uso.

Kama hakuna mpangilio wowote, mshale unaruka, unaanguka, ama unasoma vizuri chini na kupotea juu, hiyo ni umeme. Tunaanza na hiyo ya umeme kwa sababu ndio ya bei rahisi.

Umeme: ethi kwanza, siku zote

Kabla ya kulaumu klasta angalia kama mshale wa RPM unatingisika ukiwasha indiketa. Nimeona mita inapiga kichwa pamoja na indiketa, tik tik tik, mpaka mwenyewe anacheka, na ilikuwa tu waya ya ethi nyuma ya dashibodi fundi alirudisha kwa skrubu ya plastiki badala ya ile ya chuma. Ukiwasha taa kubwa mita inapanda? Ukiweka feni namba ya mwisho inashuka? Ethi.

Kupima: maltimita kwa volti za DC, nyekundu kwa pini ya ethi ya klasta, nyeusi kwa negative ya betri yenyewe sio kwa bodi, washa injini, taa na feni. Ukiona chini ya 0.1 V uko sawa. Ikienda 0.3, 0.5, hapo kuna waya imelegea, kutu ama rangi chini ya bolti. Kwaruza mpaka chuma ing'ae, funga tena. Pima pia ile waya ya moto ya klasta, injini ikiwaka inafaa iwe karibu na volti za betri, kama 13.8 mpaka 14.4, ukipata 11 na betri iko 14 kuna mahali unapoteza.

Halafu soketi. Kuingia haimaanishi pini ziko sawa. Toyota wanatumia soketi moja kwa modeli nyingi na kupanga pini tofauti, kwa hivyo unaweza kuwa na klasta yenye waya ya tako inaangukia pini ya kitu kingine na ya kwako haina kitu. Tafuta mchoro wa waya wa gari yako na wa gari klasta ilitoka, linganisha pini moja moja. Namba iko kwa stika ya nyuma, kwa Toyota klasta nzima namba yake huanza na 83800, hiyo ndio unatumia kutafuta ilitoka gari gani, muuzaji akikuambia "inaingia zote boss" cheka tu uangalie stika.

Mshale unaamka ukifika 2,000 ama unakufa ukipita 4,000

Hii ni signali dhaifu. Kompyuta nyingi za injini hazitoi volti 12 kwa waya ya tako, zinachofanya ni kuivuta hiyo waya chini kwa ethi na kuiachilia, kuivuta na kuiachilia. Ili kuwe na pigo lazima kuwe na rezista mahali inayoivuta waya juu ikiachiliwa. Klasta zingine ziko na hiyo rezista ndani, zingine hazina juu kwa gari ile ilikuwa imewekwa mahali pengine. Ukibadilisha unaweza baki bila.

Jaribu hivi. Rezista ya kilo-ohm 4.7 ya robo wati, Luthuli unaipata kwa sarafu, upande mmoja kwa waya ya tako upande mwingine kwa waya ya moto inayokuja ukiwasha swichi. Mita ikifufuka na kusoma sawa, solda, funika vizuri na hitishrinki na umemaliza. Hii ni kwa waya inayotoka kwa kompyuta tu, ya koili usiiguse na rezista.

Na ukiwa unahamisha kati ya gari za zamani na mpya kumbuka hii: klasta za enzi za distribyuta zingine zilitengenezwa kula zile volti kubwa za koili, ziko na kichujio chake ndani. Ukizipatia pigo safi la volti 12 kutoka kwa kompyuta zinaweza kukataa kuhesabu. Na kinyume chake ni mbaya zaidi, ukichukua klasta mpya ya pigo la volti 12 uiunganishe moja kwa moja na negative ya koili, unachoma. Mara nyingine haifi siku hiyo, inasoma mara mbili kwanza juu kila cheche ina mawimbi ya nyuma na mita inahesabu hata hayo, unaona 1,500 imekuwa 3,000 alafu inarudi. Kuna adapta za tako za kununua za kusuluhisha pande zote mbili, na kwa maoni yangu ni bora ununue kuliko kubuni yako kwa ubao wa matundu.

Kwa gari za CAN

Pima tu kama mtandao uko sawa. Toa terminali ya betri, pima ohm kati ya pini 6 na pini 14 za soketi ya OBD. Inafaa iwe kama 60. Ukipata 120 kuna rezista moja ya mwisho imekosekana, na kwa gari zingine hiyo rezista iko ndani ya klasta yenyewe, kwa hivyo kama ya zamani ilikuwa nayo na mpya haina, umeipata. Ikiwa 60 na mita bado inakosea kwa kiasi sawa, ni mshale. Ikikosea kwa uwiano angalia uso, na ukiwa sawa basi ni programu ya ndani, hiyo hutatengeneza na bisibisi, unahitaji mtu wa kuandika klasta ama urudishe utafute yenye inafanana.

Volkswagen na Audi ziko na jambo lingine, immobilaiza (ile ya kuzuia gari kuibiwa) iko ndani ya klasta kwa nyingi zao, ukibadilisha bila kuprogramu gari inawaka sekunde moja inazima. Hapo RPM ndio shida yako ndogo.

Kurudisha mshale mahali pake

Umefika hapa kwa sababu namba zako tatu zilikosea kwa kiasi kile kile. Toa negative ya betri, ngoja angalau sekunde 90 juu ya airbag, ndio uanze kufungua plastiki.

Sasa watu wengi wanarudisha mshale kwa kuulenga 0. Ni makosa, juu mshale ukiwa chini umelala kwa kizuizi na hicho kizuizi mara nyingi kiko chini kidogo ya 0, kwa hivyo huwezi jua kamota ka ndani kenyewe kako wapi. Lenga mahali injini inafanya kazi. Klasta iwe imechomekwa soketi lakini kioo kimetolewa, hakikisha ethi yake iko sawa, rudisha betri, washa gari, mwenzako ashike 2,000 ya skana.

Kabla ya hapo mshale unautoa aje? Weka masking tepu kwa uso wa mita ndio usikwaruze, chukua vijiko viwili vidogo pande mbili za kitovu cha mshale, weka kitambaa chini, nyanyua pamoja taratibu ukienda juu moja kwa moja. Usiuzungushe kwa nguvu. Ndani ya stepa mota, kale kamota kanakosogeza mshale, kuna gia za plastiki nyembamba kabisa, ukizungusha mshale ukapita kizuizi unavunja jino na baada ya hapo mita itakuwa inakwama mahali pamoja kila siku.

Ukishautoa washa swichi na uizime mara moja moja, stepa inaenda kujitafuta sifuri yake, utaiskia inagonga kidogo. Kisha gari ikiwa 2,000 weka mshale juu ya shina ukilenga 2,000, bonyeza kwa kidole kidogo tu ushike. Usiubonyeze wote. Acha gari irudi chini uangalie, panda 3,000 uangalie. Zikiwa sawa na skana ndio unabonyeza mpaka mwisho, ukiacha nafasi ya kama unene wa karatasi mbili kati ya kitovu na uso, ukigusana mshale utakwaruza na utakuwa unachelewa kushuka.

Zile za zamani zisizo na stepa, zenye koili mbili na sumaku katikati, mshale wake ni mlegevu ukizima gari, unaweza ukausukuma na kidole na ukae popote. Hizo njia ni ile ile, ila kama mshale unapita namba alafu unarudi ukitingishika, mafuta yake ya ndani yamekauka na kuusogeza hakutasaidia, tafuta kipande kizima.

Kama ni silinda, unarekebisha ama unarudisha?

Mimi ningerudisha. Ukweli. Kama bado uko na muuzaji na hajabadilisha duka, mpelekee stika na uchukue ya injini yako. Lakini kama klasta ni adimu ama uliipenda sana, fungua nyuma. Klasta zingine za zamani ziko na katrimpoti kadogo nyuma ya mita ya RPM, yaani karezista ka kurekebisha kenye kaskrubu ka plastiki, unakazungusha robo robo ukilinganisha na skana kwa 3,000. Katrimpoti hivyo hakawezi kukutoa 6 mpaka 4 kila wakati, kametengenezewa marekebisho madogo.

Kukiwa na chipu kama LM2907 ama LM2917, hizo zinabadilisha pigo kuwa volti na usomaji wake unafuata rezista moja na kapasita moja: ukiongeza rezista mara moja na nusu mshale unapanda mara moja na nusu. Kwa hivyo klasta ya silinda 6 kwa gari ya 4, unapima hiyo rezista, tuseme ni kilo-ohm 100, unataka jumla ya 150. Weka ya kawaida ya 130 na trimpoti ya mizunguko mingi ya 50 zikifuatana, ndio upate nafasi ya kurekebisha juu na chini. Fundi wa simu mzuri anakufanyia hii solda kuliko fundi wa gari. Kukiwa na maikro tu (chipu yenye programu) hapo ndani na hakuna trimpoti, achana nayo, hesabu iko kwa programu.

Vitu viwili kabla hujarudisha plastiki

Angalia taa ya betri. Kwa gari nyingi za zamani ile balbu ndio inaamsha oltaneta, ukiwasha swichi bila injini lazima iwake. Klasta mpya ikiwa haina hiyo balbu ama imeungua, gari itawaka vizuri, mita ya RPM itasoma sawa kabisa, na kesho asubuhi betri imelala.

Na kilomita. Klasta uliyoweka ina kilomita za gari ingine. Piga picha ya zote mbili, ya zamani na mpya, zikiwa zinawaka na tarehe ionekane, uweke na logbook. Ukiuza hiyo gari mwambie mnunuzi na umpatie hizo picha, na ukipeleka sevisi hesabu kutoka kwa kilomita za kweli, juu timing belt haiangalii dashibodi.